Glasi ya waini na kiazi cha kuoka: kalori zinakaribiana, lishe ziko mbali

Gramu 100 za waini nyekundu isiyo tamu zina kalori 85 hivi. Gramu 100 za kiazi mviringo kilichookwa na ganda lake, bila chumvi wala mafuta, zina kalori 93. Tofauti ni kalori nane, nusu kijiko cha chai cha sukari. Ukiishia kwenye namba hiyo utadhani glasi na kiazi ni ndugu wa tumbo moja, na wapo wanaopunguza uzito hapa Tabora ambao usiku wanaacha kiazi na kubaki na glasi, wakiamini wamebadilishana sawa kwa sawa. (Kalori ninayoitaja ni ile inayoandikwa kwenye vibandiko vya vyakula, ambayo kitaalamu huitwa kilokalori.)

Uliza kwanza kalori hizo zimetoka wapi. Mwilini, gramu moja ya wanga hutoa kalori 4, protini 4, mafuta 9 na kileo 7. Kiazi cha gramu 100 kina wanga gramu 21 na protini gramu 2.5, yaani 84 na 10. Waini ina kileo gramu 10.6 na wanga gramu 2.6, yaani 74 na 10. Kwa hiyo karibu kalori tisa katika kila kumi za waini ni kileo. Kiondoe, utabaki na maji, tindikali za zabibu, sukari kidogo, rangi, tanini (vile vitu vinavyokaza mdomo) na madini machache.

Wengi hutatizwa na jina la tunda. Zabibu ni tunda, na tunda lina sifa njema, basi waini nayo inapewa sifa hiyo. Lakini angalia kinachotokea kwenye pipa. Juisi ya zabibu itakayotoa waini ya asilimia 12 huanza na sukari kama gramu 200 kwa lita. Hamira inaila sukari hiyo: kila gramu 17 hivi katika lita huzaa asilimia 1 ya kileo, pamoja na hewa ukaa na joto. Lita iliyoingia na kalori 800 za sukari inatoka na kalori 660 hivi za kileo. Nyuzinyuzi zimebaki kwenye machicha, vitamini C, ambayo hata kwenye zabibu mbichi ni kidogo, imepotea, na protini haizidi sehemu ya kumi ya gramu kwa kila gramu 100. Haya ni kweli kwa waini ya Dodoma inayotufikia Tabora na kwa ile ya Ufaransa pia.

Sasa tuvipime kwa kalori zilezile. Kiazi cha wastani kilichookwa, gramu 173 pamoja na ganda, kina kalori 161. Waini ya kufikia hapo ni mililita 190, glasi moja iliyojazwa kwa ukarimu. Kiazi kinakupa protini gramu 4.3, waini haifikishi hata robo gramu. Kiazi kina nyuzinyuzi gramu 3.8, waini haina kabisa. Potasiamu ni miligramu 926 kwa kiazi na 240 kwa waini. Vitamini C ni miligramu 16 hivi dhidi ya sifuri, na vitamini B6 ya kiazi hicho kimoja inafika theluthi na zaidi ya mahitaji ya mtu mzima kwa siku. Upande wa waini kuna kileo gramu 20. Madini ya chuma ndiyo pekee yanayosogeleana kidogo, na hayo nitayarudia, kwa sababu hapo kuna imani inayowaumiza watu.

Kileo kikishaingia mwilini hakina pa kuhifadhiwa. Wanga wa ziada mwili huuweka kwenye misuli na ini, mafuta huyaweka chini ya ngozi na tumboni, lakini kileo lazima kiunguzwe, na ini hukitanguliza. Mtu mzima huunguza gramu 7 hadi 10 kwa saa. Wakati huo wote, uunguzaji wa mafuta hupungua sana. Kwa hiyo chipsi au nyama choma iliyoshushiwa na waini inakuta foleni: kileo kinahudumiwa kwanza, mafuta yanapelekwa ghalani. Kitambi kinachoitwa cha bia hujengwa hivyo pia kwa waini.

Halafu kuna shibe. Mwaka 1995 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sydney, wakiongozwa na Susanna Holt, walilinganisha vyakula 38 kwa kalori sawa ili kuona kipi kinashibisha zaidi. Kiazi cha kuchemsha kilikuwa cha kwanza. Mkate mweupe ulipewa alama 100, kiazi kikapata 323. Kileo hufanya kinyume, kinafungua hamu ya kula. Anayeacha kiazi ili abaki na glasi mara nyingi atakula zaidi usiku huohuo.

Hesabu ya chupa ni rahisi, wala huhitaji programu ya simu. Tafuta asilimia ya kileo kwenye lebo. Zidisha kwa mililita unazokunywa, gawa kwa 100, kisha zidisha kwa 0.79 kupata gramu za kileo, na mwisho zidisha kwa 7. Glasi ya mililita 150 yenye asilimia 12: mililita 18 za kileo, gramu 14.2, kalori 99. Ongeza za sukari. Waini kavu, yaani isiyo tamu, huwa na sukari chini ya gramu 4 kwa lita, kwa hiyo glasi hiyo inaongezewa kalori mbili tatu, na tindikali na vinginevyo vinaongeza kidogo tena. Waini tamu, ambayo ndiyo watu wengi wa kwetu huipenda, inaanzia gramu 45 kwa lita na inaweza kuvuka 100. Ikiwa na gramu 100, glasi ya mililita 150 ina sukari gramu 15, karibu vijiko vinne vya chai, kalori 60 juu ya zile 99. Chupa nzima ya mililita 750 ya aina hiyo inakaribia kalori 800, sawa na viazi vitano vya kuoka.

Kosa la kawaida ni kipimo. Glasi kubwa za ukumbini hubeba mililita 250 na zaidi, na mhudumu akimimina hadi karibu na ukingo, "glasi moja" yako ni karibu mbili. Nyumbani mimina maji mililita 150 kwenye glasi yako mara moja tu, uone yanafika wapi. Jicho likishajua, inatosha. Wanzuki na pombe nyingine za kienyeji sizihesabu hapa, maana hazina lebo na kila pipa lina nguvu yake.

Nirudi kwenye chuma. Inasemwa sana kuwa waini nyekundu inaongeza damu, hata mama aliyetoka kujifungua huletewa chupa. Glasi ya mililita 150 ina chuma miligramu 0.7 hivi. Mwanamke wa umri wa kuzaa anahitaji miligramu 18 kwa siku, mjamzito 27. Ukitaka kufikia 18 kwa waini utakunywa chupa tano, na ini litakuwa limekwisha kabla ya damu kuongezeka. Zaidi ya hapo, tanini za waini nyekundu hushika chuma cha mimea ulichokula na kuzuia kisifyonzwe, na kileo kikizoeleka huharibu vitamini ya folati na kulegeza uboho unaotengeneza chembe za damu. Mjamzito hapaswi kunywa kiasi chochote, na anayenyonyesha kileo kinapita kwenye maziwa. Kiazi cha gramu 173 kina chuma miligramu 1.9, nacho ni kidogo, lakini kinakuja na vitamini C inayosaidia chuma kufyonzwa. Aliyepungukiwa na damu anahitaji maini, dagaa wa Kigoma, maharage, na vidonge vya kliniki. Kiazi kiwe pembeni ya dagaa hao, hapo kinafanya kazi.

Kuhusu moyo: gumzo la Wafaransa kula mafuta na bado moyo wao kuwa salama lilienea miaka ya 1990 mwanzoni, waini nyekundu ikapewa sifa yote. Kiini kilichotajwa ni resveratroli ya maganda ya zabibu. Glasi moja mara nyingi haina hata miligramu 2, wakati majaribio ya dawa hiyo kwa watu yametumia mamia ya miligramu. Januari 2023 Shirika la Afya Duniani, tawi la Ulaya, lilitamka wazi kuwa hakuna kiwango cha kileo kilicho salama kwa afya, na tangu 1988 vinywaji vyenye kileo vimo kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani. Ukipenda waini, inywe kwa kuwa unaipenda. Usiinywe kama dawa.

Twende jikoni, maana kiazi nacho kinaweza kuharibiwa.

Kwanza uzito. Kiazi kibichi kina kalori 77 kwa gramu 100, kilichookwa 93. Hakijaongezeka kitu, maji ndiyo yaliyopungua. Kiazi kibichi cha gramu 200 kinatoka kikiwa na gramu 165 hivi, na jumla ya kalori ni ileile, 154. Anayepima kibichi akatumia namba ya kilichookwa anajipunja chakula, na anayefanya kinyume anajidanganya. Chagua mizani moja na namba inayoendana nayo.

Viazi mviringo vya sokoni kwetu hutoka mbali, wengi wetu tunapata vya Njombe na Mbeya, na vinakuwa vimekaa juani kwenye magunia. Kiazi kilichogeuka kijani kina solanini, sumu chungu ambayo moto wa jikoni hauiondoi. Doa dogo la kijani likate kwa kina, kiazi kizima cha kijani kitupe. Macho yaliyochipua yachimbwe. Usihifadhi viazi vibichi kwenye friji: chini ya nyuzi 8 wanga wake hugeuka sukari, na ukivioka au kuvikaanga vinakuwa vyeusi haraka na kuzalisha akrilamaidi nyingi zaidi, kemikali inayoshukiwa kuleta saratani. Viweke gizani, penye hewa, mbali na vitunguu.

Kama una oveni, washa nyuzi 200, sugua viazi kwa brashi, vikaushe kabisa kwa kitambaa, toboa kila kimoja mara tano sita kwa uma, na oka dakika 50 hadi 60 kwa vya gramu 200. Bila oveni, sufuria nzito inafanya kazi vizuri. Tandaza mchanga mkavu, safi, unene wa sentimita 2, funika na upashe moto dakika 15. Weka sahani ya bati juu ya mchanga, panga viazi visigusane, rudisha mfuniko, kisha palia mkaa juu, mwingi kuliko wa chini. Geuza baada ya nusu saa. Saa moja na robo inatosha.

Moto wa chini ukizidi, ganda linaungua kitovu kikiwa kibichi. Viazi vikiingia vikiwa na unyevu, vinachemka kwa mvuke wake na ganda linabaki laini kama karatasi iliyolowa. Kisipotobolewa kinaweza kupasuka. Kikishaiva kikaachwa bila kufunguliwa, mvuke unarudi ndani na nyama yake inakuwa ya kunata. Kikate mara tu kinapotoka.

Vitabu vya kizungu husema pima katikati kwa kipimajoto hadi nyuzi 98 au 99. Tabora tuko mita 1,200 hivi juu ya usawa wa bahari, na maji yetu huchemka nyuzi 96. Kiazi ni maji robo tatu, hivyo katikati yake hapatavuka hapo hata ukikioka hadi asubuhi. Ukifika 94 au 95 na kijiti kikipita bila kukwama, toa.

Sipendi kabisa karatasi ya aluminiamu. Inazuia ganda kukauka, na ina hatari ya kweli: viazi vilivyofungwa ndani yake vikiachwa mezani kwa saa nyingi huwa makazi ya vijidudu vya botulizimu, sumu ya chakula inayopooza mwili, ambavyo mbegu zake hustahimili joto la kuoka na hustawi pasipo hewa. Mwaka 1994 huko El Paso, Texas, watu 30 waliugua kutokana na viazi vya namna hiyo vilivyotumika kwenye rojo la mkahawa mmoja. Kama umeshafunga, fungua kikishaiva, kula kingali cha moto au weka kwenye friji ndani ya saa mbili.

Kisha kuna kinachowekwa juu. Kijiko kimoja cha chakula cha mafuta ni kalori 120, cha siagi 100. Vijiko viwili vya mafuta juu ya kiazi cha kalori 161 vimekizidi kiazi chenyewe. Kiazi hichohicho kikiwa chipsi, gramu 100 zinavuka kalori 300. Ninachopendekeza ni kijiko kimoja cha chai cha mawese mekundu ya Kigoma, kalori 40. Kinatosha kutia ladha na kinaleta betakarotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A na ambayo kiazi mviringo hakina. Usiyachemshe hadi yageuke meupe, rangi ikiondoka na faida imeondoka.

Kwa mfuko wa Mnyamwezi, kiazi chenye maana zaidi ni kiazi kitamu, na bahati nzuri hesabu yake inakaribia sana. Kikiokwa na ganda, gramu 100 za nyama yake zina kalori 90, nyuzinyuzi 3.3, potasiamu miligramu 475 na vitamini C karibu 20, mara mbili ya kiazi mviringo. Vile vya rangi ya machungwa tunavyoviita viazi lishe, kama Ejumula na Kabode, vinaweza kutoa zaidi ya mikrogramu 900 za vitamini A kwa gramu 100, na mtu mzima anahitaji 700 hadi 900 kwa siku. Vyeupe karibu havina. Vitamini hiyo inataka mafuta kidogo ili ifyonzwe, kwa hiyo karanga chache pembeni hazijawekwa bure.

Ukivifukia kwenye majivu ya moto vitakuwa vitamu kuliko vya kuchemsha, na sababu yake si ya kubuni. Kati ya nyuzi 60 na 75, kimeng'enya kilichomo ndani ya kiazi hugeuza wanga kuwa sukari ya maltozi. Joto la majivu hupanda polepole, kimeng'enya kinapata muda mrefu wa kazi. Sufuria inayotokota inapita hapo haraka. Utamu huo una gharama kwa mwenye kisukari: kiazi kitamu cha kuchoma hupandisha sukari ya damu haraka kuliko kilichochemshwa.

Kataa kiazi kitamu chenye matundu ya fukusi. Mwishoni mwa kiangazi udongo ukipasuka, fukusi huingia hadi kwenye mzizi, na kiazi hujitetea kwa kutengeneza kemikali chungu zenye sumu. Kukata tundu hakutoshi, uchungu umeenea pembeni yake, na moto hauuondoi.

Matobolwa na michembe ni kiazi hichohicho kikiwa kimenyang'anywa maji. Kilo tatu hadi nne za viazi hutoa kilo moja, kwa hiyo gramu 100 zina kalori kama 340, na vitamini C karibu yote imekwenda. Anayetafuna matobolwa kwa chai huku akihesabu kalori za kiazi kibichi amekosea mara nne. Viazi lishe vya kukausha vianikwe kivulini penye upepo, jua kali hula betakarotini.

Mwenye kisukari asome hapa taratibu. Kiazi mviringo cha kuoka hupandisha sukari haraka sana. Punguza kiwe nusu, kile na dagaa au maharage na mboga, au kiache kipoe kwenye friji usiku mmoja: sehemu ya wanga hugeuka kuwa wanga sugu usiomeng'enywa, na ukikipasha moto tena sehemu yake hubaki hivyo. Waini inafanya kinyume na kwa hila. Ini likishughulika na kileo huacha kutengeneza sukari, na anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vya glibenklamidi anaweza kushukiwa na sukari saa nyingi baadaye, akiwa usingizini. Dalili zake, kutetemeka, jasho, kuchanganyikiwa, zinafanana na ulevi, na walio karibu humwacha alale. Anayekunywa asinywe tumbo likiwa tupu, apime kabla ya kulala, na mtu mmoja nyumbani ajue.

Mgonjwa wa figo aliyeambiwa apunguze potasiamu ndiye pekee ninayemzuia kiazi cha kuoka, maana kuoka hakutoi potasiamu. Yeye amenye, akate vipande vidogo, achemshe kwenye maji mengi, amwage maji hayo, na asiyatumie kwenye mchuzi.